Mkono Uliokataa Kupanda

Wacha nianze na ile ya aibu, niitoe njiani, ndio tuongee vizuri. Mimi, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya pili kwa kwaya ya kanisa letu hapa Kibirichia, nilikatwa nguo mwilini na mkasi wa kunyoa kondoo.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa najaribu kuvaa rinda yangu ya kwaya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, niko peke yangu. Nilikuwa nimemaliza dawa za kemo, nywele zimeanza kurudi kama za kifaranga, nikasema ngoja nione kama rinda bado inanitosha. Nikaingiza mkono wa kushoto, nikaingiza kichwa. Mkono wa kulia ukafika usawa wa kifua na ukakataa kuendelea. Nikavuta. Rinda ikakaza kwa mabega. Nikajaribu kurudi nyuma, haikurudi. Sasa niko hapo, kichwa ndani ya nguo, mkono wa kushoto juu kama mtoto anaomba ruhusa ya choo, mkono wa kulia umebanwa kwa mbavu, na kuanzia kitovu kushuka chini ni petikoti tu.

Nikatembea nikigonga viti mpaka nikapata mlango. Nikatoka nje nikaita jirani yangu Gacheri, ambaye ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Siku hiyo alikuwa ananyoa kondoo wake ng'ambo ya ua, na akakuja na mkasi mkononi.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi!"

"Wewe nani? Mbona huna kichwa?"

"Gacheri, usinichekeshe. Bega inaniua."

Alicheka mpaka nikamsikia ameshika ukuta. Kisha akajaribu kuvuta rinda, na mimi nikapiga nduru mpaka mbwa wake akabweka.

"Basi nakata," akasema.

"Hapana! Ni ya kwaya!"

"Kwaya itakuja kukuimbia ukiwa humo ndani?"

Akanirudisha ndani, akafunga mlango, akaanza kukata kutoka chini. Sidiria sikuwa nimevaa, kwa sababu tangu upasuaji kuifunga nyuma kulinishinda. Kwa hivyo Gacheri aliona kila kitu. Aliona upande mmoja uko na ziwa na ule mwingine umelala kama umepigwa pasi. Aliona kovu. Na aliona kitu ambacho hata bwanangu nilikuwa nimemficha: kamba ngumu chini ya ngozi, imetoka kwa kwapa inashuka ndani ya mkono mpaka karibu na kiwiko, imekaza kama waya wa kuanika nguo.

Akanyamaza. Gacheri, ambaye huongea hata akila. Nikasikia tu mkasi ukienda polepole, kidogo, kidogo.

"Unakata ama unashona?" nikamuuliza.

Hakujibu. Nguo ilipofunguka nikatoa kichwa, nikakuta amenipa mgongo, anapangusa mkasi na kipande cha rinda.

"Hiyo waya kwa kwapa umeonyesha daktari?"

"Nitaonyesha."

Nilikuwa namdanganya. Nilijua hiyo kamba ni nini. Nilikuwa nimeamua mwenyewe, na elimu yangu ya kidato cha pili, kwamba ugonjwa umerudi na sasa unatambaa kwa mkono.

Wacha nirudi nyuma kidogo, uelewe vile mtu mzima anafika hapo.

Nilikatwa titi ya kulia mwezi wa tatu, watu wakipanda viazi. Siku ya kutoka wodini, sista alinipa karatasi iko na picha. Picha ya mwanamke anapandisha vidole kwa ukuta. Picha ya mwanamke ameinua mikono yote juu. Sista alinieleza, lakini mimi nilikuwa na maumivu na mpira wa kutoa maji umening'inia kwa mbavu. Maneno yaliyobaki kichwani ni mawili tu: usibebe mzigo mzito, na huu mkono usidungwe sindano. Ile picha ya mikono juu nilifikiri ni ya kushukuru Mungu. Nikaiweka ndani ya Biblia.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amefika na begi lake. Na hapa wanawake wa kwetu watanielewa. Sisi tunajua kitu kimoja cha kufanyia mwanamke ametoka hospitali: tunamlaza kama amezaa. Wakaja wanawake wa kanisa na viondo, kuni mgongoni, unga wa uji, maharagwe meusi ya njahi, ndizi, kuku mmoja mkali sana. Ni vile tu hakukuwa na mtoto wa kushikwa. Mama mkwe akachukua leso, akafunga mkono wangu kifuani kama wa mtu amevunjika, akasema, "Mkono umekatwa mizizi. Wacha ulale."

Na mkono ukalala.

Sitaki umlaumu. Alinipenda na kijiko. Alininywesha uji, alinifua, alinichana, alinikata kucha. Nikijaribu kuokota kikombe ananichapa vidole. "Wewe! Unataka kidonda kifunguke?" Na mimi, nisidanganye, niliipenda hiyo maisha. Miaka yangu yote hakuna mtu alikuwa amewahi kuniletea chai kitandani. Nilikaa kama malkia wa nyuki, nikinenepa upande mmoja.

Leso ilitakiwa itoke lini? Hakuna aliyejua. Wiki zikapita. Nikaanza kemo, ikaendelea mpaka ile ukungu ya mwezi wa saba inatuingia kwa mifupa. Kwa foleni ya hospitali tulikuwa tunakaa na vitambaa kichwani, kila mtu na chupa yake ya maji. Dawa nilikuwa napata kwa mkono wa kushoto. Sista anauliza, "Na huu wa kulia uko aje?" Najibu, "Uko sawa kabisa." Uko chini ya sweta, chini ya leso, nani ataona? Kwa sababu hiyo kamba ilikuwa imeshatokea, na mimi niliogopa wakiigusa wataniambia.

Nilikuwa nikibaki peke yangu naipapasa. Natoa mkono kwa leso, narudisha. Naomba iwe imeisha. Bado iko.

Bwanangu Mutuma anaendesha trekta kwa mashamba ya ngano huko Timau, si mtu wa maneno. Alikuwa amehamia kwa kochi. Mimi nikaelewa vile ningeelewa: ameona kifua amekimbia. Kumbe mama yake ndiye alimwambia akinigeukia usingizini atanipasua. Tulikaa hivyo miezi sita, kila mtu anaogopea kwake.

Ile wiki baada ya mambo ya rinda, nikaenda kupimiwa mashine ya mionzi. Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba upasuaji na kemo zimefanya kazi, lakini mashine ndiyo ya kuchoma mbegu ambazo hazionekani, na nisiikose.

Nikalala kwa meza yake, ngumu kama ya bucha. Kijana wa mashine, mpole sana, akasema, "Mami, sasa inua huu mkono juu, ulale nyuma ya kichwa."

Nikainua. Ukafika kwa bega ukasimama.

"Kidogo tena, mami."

"Ndio hapo."

Akajaribu kunisaidia, nikaruka. Akaenda akaita mwenzake. Wakaita daktari. Wote wanaangalia mkono wangu umesimama hapo katikati kama mlango wa ng'ombe umeharibika.

Daktari akavuta kiti. "Mama, mashine inapiga kifua na kwapa. Mkono ukiwa chini, iko njiani. Siwezi kukuchoma hivi."

"Sasa?"

"Sasa unaenda mazoezi. Nakupa wiki nne. Sitaki ipite hapo."

"Na mkono ukikataa?"

Akageuza karatasi za faili yangu. Wakati huo ndio nikafungua mdomo. Nikamwonyesha ile kamba. Nilikuwa nalia mpaka siwezi kunyooka. Akaipapasa kutoka kwapa mpaka kiwiko, akapapasa na shingo, akanituma kupigwa picha siku hiyo hiyo. Niliketi kwa benchi nikingoja, nimeshika kadi yangu imelowa jasho, nikifikiria ni nani atawalelea watoto, na kama Mutuma ataoa yule mwalimu mrefu wa shule ya watoto.

Akarudi akasema, "Si ugonjwa. Wengi hupata hii baada ya kukatwa tezi za kwapa. Mazoezi yataivuta. Ungesema mapema."

Ungesema mapema. Nimeandika haya yote kwa sababu ya hayo maneno mawili.

Mtu wa fizio, hayo mazoezi ya viungo, ambaye angenichukua haraka alikuwa Embu. Dada yangu mdogo, Kinya, ameolewa Karurumo, huko chini kwa kahawa, na akasema nikuje nikae kwake hizo wiki nne. Nikafunga begi. Mama mkwe akasimama mlangoni na leso mkononi.

"Unaenda wapi na hako kamkono?"

"Kufanyishwa mazoezi, mama. Wanasema ulilala sana."

"Nani aliulaza?"

Nikainama kuvaa viatu.

"Unaniambia nimekuua?"

Mutuma akachukua begi, akasema, "Mama, hakuna mtu amesema hivyo." Lakini ilikuwa imeshasemwa. Aliingia jikoni na hakutoka kuniaga. Niliondoka na hofu mbili, ya mashine na ya huyo mama, na sijui gani ilikuwa nzito.

Fizio wangu aliitwa Wanjira, mdogo kama mwanafunzi, vidole kama koleo. Kwa ukuta wake kulikuwa na ile picha, mwanamke na mikono juu. Nikamwambia, "Huyu tunajuana. Anakaa kwa Biblia yangu."

Alicheka, kisha akashika bega. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba nilikumbuka watu wote niliowahi kukosea. Lakini kila akifika mahali pa moto alikuwa anasimama, anasema, "Pumua, mami. Usishindane na mimi." Akanionyesha vile nitafanya nyumbani mara tatu kwa siku. Kutembeza vidole kwa ukuta kama buibui. Kushika fimbo na mikono yote, ule mzima ubebe ule mbaya. Kuvuta mpaka iume kidogo, si mpaka nilie. Na mkono usikwaruzwe, usiungue, na ukianza kuvimba nimwambie.

Kinya akachora mistari ya makaa kwa ukuta wa jikoni. Siku ya kwanza vidole vyangu vilifika mstari wa chini kabisa.

"Hapo hata kuku anaruka," Kinya akasema.

"Nyamaza wewe, mimi ni mgonjwa."

"Mgonjwa ako Kibirichia. Hapa ni mazoezi. Panda!"

Hakunihurumia hata kidogo, na ndiyo dawa nilikuwa nimekosa. Asubuhi ya tatu akanipa shati ya bwanake ya mikono mirefu na glavu, akanipeleka shambani. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. "Wewe chuma za chini. Za watoto." Nikachuma za chini na mkono wa kulia, nikitupa kwa kikapu kimewekwa chini nisibebe. Wiki ya pili nikafika matawi ya katikati. Kila siku nachagua buni moja nyekundu iko juu kidogo ya pale ninaweza kufika, nasema hiyo ni yangu. Siku zingine naipata. Siku zingine naiacha hapo, narudi nyumbani nimenuna, najiuliza itakuwaje wiki ya nne ikifika na mkono bado uko kwa matawi ya katikati.

Maana ukuta ulikuwa umegoma. Siku tano nzima, mstari ule ule. Kinya mwenyewe aliacha mzaha, na hapo ndipo niliogopa kweli. Nilikuwa nikilala kwa mkeka, nainua mkono kwa fimbo, naona kabisa ile meza ngumu na yule kijana mpole akisema kidogo tena, mami. Nikawa naongea na mkono. Namwambia, wewe umekula uji wa watu miezi sita, leo unaniacha?

Siku ya tano hiyo nilikuwa nimefikia buni moja kwa tawi la juu. Nikaigusa na kidole. Nikanyoosha upana wa unywele mmoja tu zaidi, na ndani ya kwapa kitu kikasema *tap*. Kama uzi wa kifungo umekatika. Nilisikia na masikio yangu.

Nikapiga nduru. "Kinya! Nimejivunja!"

Alitoka upande wa pili wa kahawa mbio, glavu moja. "Wapi?"

"Ndani! Imekatika!"

"Shusha mkono."

"Naogopa!"

"Basi usishushe. Uangalie."

Nikaangalia. Mkono ulikuwa juu ya kichwa. Si wote, kiwiko bado kimekunjika, lakini ulikuwa juu, katikati ya majani, na ile buni mkononi. Tuliangaliana na Kinya kama watu wameona nyoka. Kisha tukaketi chini kwa majani makavu, na mimi nikala hiyo buni, maganda na yote, sijui kwa nini.

Wanjira akanikagua kesho yake, akasema hizo kamba wakati mwingine huachilia hivyo, nisitishike, lakini nisijaribu kuzikata kwa nguvu. Nami nakwambia vile vile. Hii ni hadithi ya mkono wangu. Wako upeleke kwa mtu aushike.

Wiki ya nne nililala tena kwa ile meza. Moyo unapiga mpaka kijana wa mashine akaniuliza kama nilikuja nikikimbia.

"Mami, inua huu mkono."

Nikafunga macho. Nikaona mistari ya makaa. Ukapita kwa bega. Ukapita kwa sikio. Ukalala nyuma ya kichwa, unauma, lakini umelala hapo.

"Hapo hapo," akasema. "Usisonge."

Wakanichora na kalamu kama seremala anapima mbao. Kisha kila mtu akatoka, mlango mnene ukafungwa, nikabaki mimi na hiyo mashine inanizunguka ikinguruma. Hakuna kuchoma unasikia. Ni upweke unasikia. Niliimba sauti ya pili kimoyomoyo, na sauti ya pili bila ya kwanza ni kitu ya kuchekesha sana, haiendi mahali. Siku baada ya siku hivyo, mpaka ngozi ikawa nyeusi kama ukoko wa ugali, na wakaniambia, mama, leo ndiyo ya mwisho.

Nilirudi Kibirichia viazi vinachimbwa. Mama mkwe alikuwa bado kwetu, anachochea moto, akanisalimia akiangalia sufuria. Nikaketi. Tukakaa. Akasimama kutafuta majani ya chai, na mkebe uko kwa rafu ya juu kabisa, na yeye ni mfupi. Akaanza kuvuta kigoda.

Nikainuka. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikashusha mkebe, nikamshikisha.

Aliuweka huo mkebe chini. Kisha akashika kiwiko changu, akakisukuma juu taratibu, akakishusha, akakisukuma tena, kama mtu anajaribu bawaba.

"Hauumi?"

"Unauma kidogo, mama."

"Mimi nilijua tu kulaza," akasema. "Hakuna mtu aliniambia ingine."

"Hata mimi niliambiwa na sikusikia."

Akanipa kijiko. "Basi koroga chai. Umekaa vya kutosha."

Mutuma alirudi kutoka kwa kochi wiki hiyo. Analala upande wa kushoto, amejikunja kama mtu amepanga chumba cha mtu mwingine. Tutafika. Mkono wenyewe haujarudi wote. Ukifanya kazi sana unavimba, kwa hivyo navaa mkono wa soksi ile ya kukaza, watoto wanasema nimekuwa goli kipa. Ndoo natumia kushoto. Asubuhi bado napanda ukuta, na kila nikienda kliniki moyo unaingia kwa viatu. Hiyo haijaisha, na sijui kama huisha.

Rinda mpya nilishonewa na Gacheri. Aliiweka vifungo mbele, kutoka shingo mpaka magoti, ndio nisiwahi kuhitaji mkasi tena. Alikuja kunijaribisha, tukacheka ile siku yote upya, petikoti, mbwa, kila kitu. Nikamwambia, "Lakini wewe nawe ulikata polepole! Kondoo mzima unanyoa kabla chai ipoe. Mimi nilikuwa nakufia humo ndani."

Alikuwa anafunga kifungo cha juu. Akakifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Hiyo nguo ningekata mara moja," akasema. "Lakini kichwa chako kilikuwa bado ndani, na mimi nilikuwa nalia. Nikasema ngoja nimalize kwanza, ndio nikutoe."